Usikiguse na msasa kisu hicho cha mzamiaji

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama ukinunue kisu cha zamani cha mzamiaji wa jeshi la majini, chenye ala ya shaba ya manjano, na kama ukisugue kwa msasa king'ae. Kusugua, hapana! Nakuomba sana.

Kwanza kifungue mwenyewe. Visu vya Siebe Gorman, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza pia kofia za shaba za wazamiaji, mpini wake hukazwa kwenye ala kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Zungusha polepole ukisikiliza kwa vidole. Nyuzi za kweli zilizozeeka, yaani ile mikato ya mzunguko kama ya skrubu, huwa zimelainika. Kama zinakwaruza na zina makali mapya, ilhali nje pamepakwa uzee, mimi ningekirudisha kwa muuzaji.

Kisha leta sumaku uone kama inakivuta. Wazamiaji wa kutegua mabomu walipewa visu visivyovutwa na sumaku, kwa kuwa kuna mabomu ya baharini yanayolipuka yakihisi chuma. Baadhi vina metali iitwayo berili ndani ya shaba, na vumbi lake linaharibu mapafu. Ndiyo maana nimekataa msasa.

Hapo kwenu kandokando ya Ziwa Nyanza (Viktoria) unyevu haukosi. Kipanguse kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani, na kama kina ala ya ngozi, usikihifadhi ndani yake: ngozi hushika maji, na shaba huota kutu ya kijani. Ukisafiri nacho kupitia Entebbe, kiweke kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi.