Nahodha, msikate tiketi kabla hamjafanya mazoezi na mbao

Ndugu yangu, simamisha kwanza hiyo michango ya nauli. Nimesoma ulivyoandika: klabu yenu ya Nairobi imealikwa Ujerumani mwezi Januari kwenye mashindano ya hoki ya ukumbini ya klabu za wanaume kutoka nchi mbalimbali, unauliza habari za viza, malazi na magongo, halafu mwishoni unasema mtafanya mazoezi ukumbi wa basketiboli wa shule jirani kwa sababu kocha wenu anasema "ni hoki ile ile, uwanja tu ndio mdogo".

Hapo ndipo damu imenichemka. Maneno hayo hayo tuliambiwa sisi, na kocha tuliyemlipa atuandae, mtu aliyejitapa kwamba Ulaya anaijua kama kiganja chake. Tukamwamini. Tukachangishana, wengine wakakopa kwenye chama, tukaenda kuaibishwa mbele ya watu waliolipa viingilio.

Si hoki ile ile. Uwanja wa nje una mita 91.4 kwa 55. Ukumbini urefu ni mita 36 hadi 44, upana 18 hadi 22. Wanaocheza ni 6 kila upande pamoja na kipa, kikosi kizima ni watu 12, na mechi ni robo nne za dakika 10. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Duara, yaani lile eneo la mbele ya goli, ni la mita 9. Na kupiga mpira kwa kuinua gongo hakuna! Unasukuma tu, au unauchota kwa ncha ya gongo. Kuunyanyua mpira hewani hakuruhusiwi isipokuwa unapolenga goli ukiwa ndani ya duara. Kijana aliyekulia City Park, ule uwanja wa hoki wa Nairobi, mwenye mkwaju wa kutoka nusu hadi nusu, akifika huko silaha yake kubwa inageuka kuwa faulo.

Hata hayo mtu anaweza kuyazoea kwa siku chache. Kilichotumaliza sisi ni mbao za pembeni.

Pande zote mbili ndefu za uwanja zimelazwa mbao zenye kimo cha sentimita 10. Mpira hautoki nje kule, unarudi. Hilo kocha wetu alilitaja kwa pumzi moja, "kuna vibao pembeni", akaendelea na hadithi nyingine. Hakutuambia kwamba zile mbao ndizo mchezo wenyewe. Mzungu wa kule hakupiti kwa chenga. Anakuacha umkabe, anausukuma mpira kwenye ubao kwa pembe anayoijua tangu akiwa mtoto, unapita nyuma ya kisigino chako, na mwenzake ameshafika upande wa pili kuuchukua. Wewe bado unamtazama yule wa kwanza.

Beki wetu wa kulia, mchezaji mzuri sana, nyumbani hapitiki. Mechi ya kwanza alisimama kama alivyozoea, mwili umewakabili washambuliaji, gongo mbele, na kati ya gongo lake na ubao akaacha nafasi kama ya kiganja kilichofunguliwa. Mpira wa hoki una kipenyo cha sentimita 7 na kidogo. Ukapita. Akasogea kuziba, mguu ukatangulia gongo, mpira ukamgonga kiatu ndani ya duara: kona ya adhabu. Wakafunga. Dakika iliyofuata wakarudi ubao ule ule, pembe ile ile. Robo ya kwanza haijaisha kijana wa watu ameomba kutoka, analia kwa hasira, na kwenye benchi hatuna la kumwambia kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mpira ukirudi kutoka ubaoni kwa kasi ile. Yule kocha alikuwa anapiga kelele "kabeni! kabeni!" Tukabe nini, mzee, na wewe hukutufundisha mpira utatokea wapi?

Na usijidanganye na historia. Najua Kenya ilishika nafasi ya 4 Kombe la Dunia kule Barcelona mwaka 1971, na najivunia hilo kama wewe. Hiyo ilikuwa hoki ya nyasi. Tazama Austria: nje hawatajwi pamoja na Uholanzi wala Ubelgiji, lakini Kombe la Dunia la ukumbini la wanaume walilichukua 2018 mjini Berlin na wakalichukua tena 2023 mjini Pretoria. Kule Ulaya baridi ikiingia klabu zinahamia ndani, watoto wadogo kabisa wanacheza na mbao msimu mzima. Nyinyi mnataka kuwakabili watu hao bila kuwa na ubao hata mmoja?

Sasa sikiliza. Nenda kwa muuza mbao, chukua sipresi za nne kwa nne. Mwambie fundi azirande zifike sentimita 10 kwa 10, na ule uso unaotazama uwanja auinamishe kidogo kuelekea ndani, kama sentimita 1 hivi, ili mpira ukigonga ubaki chini usirukie magoti. Kingo azipige msasa vizuri, kijiti kikimwingia mtu kwenye kidole ameumia. Hamhitaji kuzungusha ukumbi wote. Mita 20 upande mmoja zinatosha kuanzia. Zipangeni kichwa kwa kichwa, maungio yasiache mwanya, na ziegemezeni kwa mifuko ya mchanga upande wa nje.

Halafu kila mazoezi yaanzie ubaoni. Wawili washambulie, mmoja akabe. Anayekaba ajifunze kuinama hadi gongo lilale sakafuni, mkono wa kushoto chini kabisa, kichwa cha gongo kimegusa ubao, miguu imekaa nyuma ya gongo. Asikimbilie mpira. Aufunge ubao kwanza, katikati kwenye mechi ataziba mwenzake. Washambuliaji nao wausukume mpira kwa pembe tofauti hadi macho yazoee unarudi wapi. Misuli ya mapaja itawaka moto, vijana watalalamika, waache walalamike.

Kwa kuinama huko, glavu ya mkono wa kushoto ni lazima, la sivyo sakafu itawachuna vifundo vya vidole. Gongo tafuteni la ukumbini, ni jepesi na jembamba kuliko la nje. Viatu viwe vya soli isiyoacha alama sakafuni.

Kocha wenu akisema mbao ni gharama ya bure, mwulize waziwazi, mbele ya timu, ni lini mara ya mwisho alicheza au alifundisha ukumbi wenye mbao. Akianza kuzunguka na maneno, mwacheni aendelee na timu ya nje, tafuteni mwingine, hata kama huyo wa sasa ni mjomba wako. Sisi tulimwonea haya mtu mzima, tukanyamaza, na deni la chama wenzetu wengine bado wanalilipa.

Mnayo miezi kadhaa hadi Januari, inatosha kabisa mkianza sasa. Nenda kwa fundi wiki hii, kisha rudi hapa uniambie umepata mita ngapi na ukumbi wenu una upana gani. Nitakuandikia mpangilio wa mazoezi, hatua kwa hatua, wa mabeki kwanza.