Naelewa nikitazama video, nakwama nikiandika programu mwenyewe: nihamie lugha nyingine?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, nipo Morogoro, nimemaliza diploma ya uhasibu. Tangu mwanzoni mwa mwaka najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kutazama video. Nikitazama naelewa kila kitu, tena mara nyingine najua mwalimu anataka kuandika nini kabla hajaandika. Nikifunga video, sijui hata pa kuanzia. Mama ana duka, basi nikajaribu programu ndogo: niingize mauzo ya kila siku, siku tuliyofunga niandike 0, nikimaliza niandike -1, halafu inipe wastani wa mauzo kwa siku tulizofungua. Ilitoa maandishi mekundu. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp, jamaa akaniambia kwenye jumla nitoe 0 niweke alama za nukuu. Maandishi mekundu yakaondoka, ila nikiingiza 40000 na 60000 inaniandikia 4000060000, na nikiandika -1 haisimami. Wengine wananiambia Python ni ya watoto, nihamie JavaScript. Kuna kituo cha mafunzo ya programu kinataka shilingi 600,000 kwa wiki nane, kinaahidi cheti na kazi. Nihame, nijiunge, au nikubali kwamba kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya?

JIBU: Marahaba. Naiweka programu yako kama ulivyoituma, ili na wengine waione.

jumla = ""
mauzo = 0
while mauzo != -1:
    mauzo = input("Mauzo: ")
    jumla = jumla + mauzo
    print(jumla)

Usihame. Ulichokosea kwenye mistari hii sita hakitokani na Python. Amri ya input hukuletea maandishi siku zote, hata kama ulichobonyeza kwenye kibodi ni tarakimu tupu. Wewe unaona elfu arobaini. Kompyuta inaona herufi tano zilizopangwa mstari mmoja. Mwanzoni jumla yako ilikuwa namba 0, ukaiambia ijumlishe namba na maandishi, ikakataa. Yale maandishi mekundu, ukisoma mstari wake wa mwisho, yalikuwa yanakueleza jambo hilohilo: alama ya kujumlisha haifanyi kazi kati ya namba na maandishi. Hata mstari wenye kosa ilikutajia.

Ungekuwa kwenye JavaScript, hata onyo hilo usingelipata. JavaScript ikikutana na 0 na maandishi "40000", inaigeuza 0 kuwa maandishi na kuyabandika pamoja kimya kimya. Ungepata 04000060000 ukakaa unashangaa. Silaumu JavaScript, ni lugha yenye kazi yake na kila kivinjari cha mtandao kinaielewa. Lakini anayekuambia uhamie huko ili uelewe vizuri zaidi hajaiangalia programu yako. Na hili la Python kuwa ya watoto lisikusumbue. Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991, na leo inatumika kwenye maabara za sayansi, benki na mitandao mikubwa kama Instagram.

Linaloniudhi ni ule ushauri wa kwenye kundi. Nauona kila wiki, kwa sura mbalimbali. Mtu anauliza kwa nini programu imekataa, anajibiwa namna ya kuifanya isikatae. Jamaa hakukuondolea kosa, amekufichia. Kompyuta ilikuwa imekwambia ukweli, yeye akaifunga mdomo, na sasa inabandika maandishi kwa maandishi bila kinyongo. Ndiyo maana -1 nayo haisimamishi kitu: unalinganisha maandishi "-1" na namba -1, na kwa Python hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, havitalingana hata ukae hapo mpaka kesho. Ukiangalia vizuri skrini yako, utaona baada ya kuandika -1 ilitokea 4000060000-1. Iliibandika na hiyo.

Dawa ya hapo ni kuizungushia input amri ya int, ili maandishi yageuke namba, na kuirudisha 0 kwenye jumla. Ukifanya hivyo programu itasimama na haitatoa wekundu wowote. Wengi hapo hufunga kompyuta wakaenda kulala. Wewe usilale. Chukua karatasi, chora safu mbili, moja ya jumla na moja ya mauzo, kisha uwe wewe kompyuta. Soma mstari mmoja, andika kilichobadilika, nenda wa pili.

Mstari wa while ndio mzunguko: mistari iliyo chini yake inarudiwa maadamu mauzo ni tofauti (!=) na -1. Mwanzo jumla ni 0 na mauzo ni 0. Je, mauzo ni tofauti na -1? Ndiyo, ingia. Unapewa 40000, jumla inakuwa 40000. Rudi juu, bado si -1, ingia. Unapewa 60000, jumla inakuwa 100000. Rudi juu, ingia tena. Unapewa -1. Mstari unaofuata unasema jumla ni jumla kuongeza mauzo. Jumla inakuwa 99999. Ndipo unarudi juu na mzunguko unasimama.

Umeona? Ile -1 uliyoiweka kama alama ya kumaliza imeingia kwenye hesabu ya duka la mama. Na kama siku nazo ungezihesabu humohumo ndani ya mzunguko, ungegawa kwa 3 badala ya 2, ukapata wastani wa 33333 wakati ukweli ni 50000. Hakuna ujumbe mwekundu wa kukuonya hapo. Programu inaendesha, jibu linatoka, nalo ni la uongo. Kwa mhasibu hilo ni kosa baya kuliko programu iliyogoma.

Hiyo karatasi ndiyo kitu ambacho video hazikukufundisha, na ndiyo jibu la swali lako lote. Unasema unaelewa ukitazama. Unachokielewa ni maelezo ya mwalimu, na hilo ni jambo jema, lakini siyo uwezo wa kuandika. Unaweza kumtazama fundi cherehani akikata suti ukafuata kila mkato, na siku ukikabidhiwa mkasi na kitambaa hujui uanzie bega au kiuno. Kwenye video maamuzi yote yameshafanywa. Mwalimu ameshajua kwamba kusoma namba ya kwanza kunakaa nje ya mzunguko, ameshajua jumla inaanza na nini, pengine ameshaijaribu mara kadhaa kabla ya kurekodi. Wewe unaona mistari ikishuka kwa mpangilio, unadhani kazi ni kukumbuka mistari. Kazi ni kuamua mstari upi uende wapi, na kujua wakati wowote kila jina limebeba thamani gani.

Wala si wewe peke yako. Zoezi lako linafanana mno na la mtafiti wa Marekani Elliot Soloway, maarufu tangu miaka ya 1980: soma vipimo vya mvua mpaka ifike namba maalumu ya kumalizia, kisha toa wastani. Ni zoezi dogo, lakini limewakwamisha wanafunzi wa vyuo vikuu kizazi hadi kizazi, hasa pale pale ulipokwama, kwenye namba ya kumalizia. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Michael McCracken kilitoa matokeo ya wanafunzi 216 wa vyuo vinne waliokwisha kusoma programu darasani. Wastani wa alama ulikuwa karibu 23 kati ya 110. Miaka mitatu baadaye Raymond Lister na wenzake wakatazama wanafunzi wa nchi saba, wakakuta wengi hawajakomaa hata katika kufuatilia programu fupi iliyoandikwa na mtu mwingine na kusema itatoa jibu gani. Anayeshindwa kufuatilia ya mwenzake ataandikaje yake?

Kuhusu kichwa kutoumbwa kwa mambo haya, imani hiyo iliwahi kupewa hadi nguo za kitaaluma. Mwaka 2006 Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza makala wakidai kuna mtihani unaoweza kuwatenga watakaoweza programu na wasioweza, kabla hata hawajafundishwa. Watu waliipenda sana, maana inamwondolea mwalimu lawama. Mwaka 2014 Bornat mwenyewe aliyafuta hadharani madai hayo. Kwa hiyo mtu akikwambia akili ya programu ni ya kuzaliwa nayo, ujue anarudia kitu ambacho hata mwenyewe aliyekisema alishakikana.

Sasa kazi yako. Sikuandikii programu iliyosahihishwa, kwa sababu ukiinakili utarudi ulikokuwa. Nakupa maswali. Ukisoma mauzo ya kwanza kabla ya mzunguko, na yanayofuata ukayasoma mwishoni mwa mzunguko baada ya kujumlisha, ile -1 itakutana na nini kwanza, swali la while au hesabu ya kujumlisha? Siku iongezeke lini, kila mara au pale tu mauzo yanapozidi 0? Na mama akifungua programu akaandika -1 papo hapo, utagawa kwa ngapi? Hapo Python itagoma, na safari hii soma inachosema. Halafu kuna swali la kihasibu ambalo hakuna lugha itakayokujibia: siku mliyofungua duka pasiingie mteja hata mmoja nayo ni 0, je, ni sawa na siku mliyofunga? Amua kwanza, ndipo uandike.

Fuatilia kila jaribio kwenye karatasi. Ukichoka karatasi, weka programu ya bure iitwayo Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inakwenda hatua kwa hatua ikikuonyesha kila jina limebeba nini, na ukishaiweka haihitaji bando. Video unaweza kuendelea nazo, ila simamisha kabla mwalimu hajaandika, andika ya kwako, ikosee, kisha mtazame. Dakika kumi kwa namna hiyo zina faida kuliko kutazama saa mbili mfululizo.

Programu za akili bandia kama ChatGPT hukuzitaja, lakini najua zipo kwenye simu yako. Sisi kazini tunazitumia. Tunazitumia kwa sababu tunaweza kusoma zilichoandika na kugundua pale jumla imetoka 99999. Anayeanza akiibandika programu yake huko na kupokea iliyonyooka, amefanyiwa ule uamuzi ambao alitakiwa ajifunze kuufanya. Itumie kuuliza ujumbe wa kosa una maana gani. Usiiombe ikuandikie, angalau mpaka uweze kufuatilia mistari ishirini kwa kalamu bila kupotea.

Nimalizie na kituo, kwa sababu barua kama yako ziko nyingi na wengi wanaouliza wameshalipa. Wapo walimu wazuri wenye madarasa ya kulipia, na mwanafunzi anayekaa na mtu wa kumsahihisha ana bahati. Lakini wiki nane hazimtoi mtu kwenye mistari sita iliyokwama zikamfikisha kwenye ajira, na anayekuahidi hivyo anajua kwamba hazimtoshi. Masomo yenyewe yapo bure: CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, kozi ya Python ya Chuo Kikuu cha Helsinki, maelezo rasmi ya Python kwenye tovuti yake. Kwa hiyo unapolipa kituo hununui masomo, unanunua macho ya mwalimu juu ya kazi yako. Uliza basi: kila mwalimu ana wanafunzi wangapi, na nani atasoma programu zangu? Omba kukutana na mmoja wa waliohitimu, akuonyeshe programu aliyoandika mwenyewe, kisha umwombe abadilishe kitu kidogo mbele yako. Kama ilikuwa inatoa wastani, sasa itoe siku yenye mauzo makubwa. Aliyeandika kweli atafikiri kidogo na kuanza. Aliyenakili atakwambia faili lipo kwenye kompyuta nyingine.

Cheti kisikulevye. Kwenye usaili wa kazi hii unapewa tatizo na kibodi, unaachwa uhangaike, na anayekupima anatazama unafanya nini programu ikikataa. Anayefuta yote aanze upya na anayesoma mstari wa mwisho wa ujumbe wanajulikana ndani ya dakika chache. Kituo kikikataa kukuonyesha kazi ya wanafunzi wake, au kikikusukuma ulipe leo kwa kuwa nafasi zimebaki mbili, weka laki sita zako mfukoni na uondoke.