Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Anataka Kusoma Uchoraji

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu yuko kidato cha pili hapa jijini, na mwakani atachagua masomo ya kidato cha tatu. Anataka kuongeza somo la hiari la uchoraji kwa kuwa ana ndoto ya kuwa msanifu majengo. Baba yake anasema hilo ni somo la walioshindwa Fizikia, na kwamba litamshushia daraja katika mtihani wa kidato cha nne. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Tabata

JIBU: Mama, mimi namuunga mkono binti, ila kwa sharti moja: uchoraji uongezwe juu ya Fizikia na Hisabati, usichukue nafasi ya masomo hayo. Anayetaka kusoma Usanifu Majengo, kwa mfano pale Chuo Kikuu Ardhi, asiyaache masomo hayo mawili hata kidogo.

Hofu ya baba kuhusu daraja inaondoka tukitazama hesabu yenyewe. Daraja la kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na daraja la kwanza ni kuanzia pointi 7 hadi 17. Kwa hiyo, kwa mwanafunzi mwenye masomo zaidi ya saba, somo la ziada likimwendea vibaya haliingii kwenye hesabu, na likimwendea vizuri linaweza kumwinua. Gharama yake halisi ni muda, maana kazi za vitendo hula saa nyingi.

Nadhani pia kuna neno linalowachanganya wazazi wengi, nalo ni "sanaa". Tunaposema mwanafunzi yuko mchepuo wa sanaa, tunamaanisha Historia, Jiografia na lugha, na mwanafunzi huyo anaweza kumaliza shule bila kushika brashi. Somo analolitaka binti yako ni jambo jingine: ni kuchora, kupaka rangi, kuchonga, kufinyanga na kubuni, na mtihani wake una nadharia na vitendo.

Na ni somo gumu. Muwekee mtungi mezani karibu na dirisha, umwambie auchore kwa penseli. Mwanafunzi mgeni huchora mdomo wa mtungi kwa mviringo uliobonyea, kisha kitako anakikata kwa mstari ulionyooka, kwa sababu akilini anajua kwamba mtungi umekaa juu ya meza iliyo bapa. Mwalimu mzuri humwambia atazame tena, na hapo mtoto anagundua kwamba kitako nacho kimejipinda, tena zaidi kuliko mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake. Huko kuchora kile jicho linachokiona badala ya kile kichwa kinachokidhani ndiko kutakakomfaa siku atakapochora ngazi na mapaa ya nyumba za watu.

Baba yake akumbushwe pia habari za Sam Ntiro, mchoraji aliyesoma Makerere na London, ambaye ndiye Tanganyika ilimtuma Uingereza kuwa balozi wake wa kwanza.

Kabla ya kujaza fomu, nenda shuleni ukaulize mambo mawili: je, kuna mwalimu aliyesomea somo hili, na je, shule husajili watahiniwa wa somo hili kwa Baraza la Mitihani? Jibu likiwa ni hapana, msiliweke kwenye fomu. Badala yake, Jumamosi moja mpeleke Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoko Mikocheni, au kwa wachonga vinyago wa Mwenge, akae atazame watu wakifanya kazi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nasoma kidato cha tatu na nimechagua uchoraji, lakini nyumbani hawamudu kuninunulia rangi na turubai. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo mzima wa uchoraji wa jiji hili unaitwa kwa jina lake, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya mbao bapa za kiwandani na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo alivyovimudu. Wewe mwaka huu unahitaji zaidi penseli, ya HB na ya 2B, pamoja na karatasi nyeupe. Chora kila siku kitu kimoja cha nyumbani: birika, kandambili, mbuzi ya kukunia nazi. Nyuma ya kila mchoro andika tarehe, na usitupe hata ile mibaya, kwa kuwa mwalimu akiipanga yote kwa mfuatano ataona mkono wako unakosea wapi. Ihifadhi bapa katikati ya maboksi mawili yaliyokatwa, mbali na sakafu, maana unyevu wa Dar es Salaam wakati wa masika huivimbisha karatasi na kuitia ukungu.