Kivuli kwenye eksirei ya taya: ni cheusi au cheupe?

Swali: Ninatafsiri ripoti za kliniki ya meno. Mwenzangu huandika "kidonda" kwa kila kisicho cha kawaida kinywani, na "kivuli" kwa kila kinachojitokeza kwenye eksirei. Yuko sahihi?

Jibu: Hayuko sahihi, na "kivuli" ndicho kinachopotosha zaidi.

Kidonda ni pale ngozi laini ya kinywa ilipolika. Palipogeuka rangi tu, kidole kisihisi mwinuko, ni baka. Palipoinuka na kujaa maji ni lengelenge. Madaktari hutofautisha lisilozidi milimita 5 na linalozidi hapo, kwa hiyo andika kipimo, usiseme "dogo". Likipasuka huacha kidonda, ndiyo maana ripoti ya kesho yake yaweza kubadili neno bila mtu kukosea. Penye usaha ni jipu. Weupe ulimini ukifutika kwa kitambaa, uite utando. Usipofutika ni baka jeupe, maana msomaji akiona "utando" atadhani unabanduka.

Sasa kivuli. Kwa wengi wetu kivuli ni giza. Lakini kwenye eksirei, mfupa na enameli (tabaka gumu la nje la jino) huzuia mionzi, na hapo picha huwa nyeupe. Tundu la jino, au mfupa ulioliwa kwenye ncha ya mzizi, huipitisha, na picha huwa nyeusi. Kwa hiyo kinachotupa kivuli hasa ni kile cheupe! Daktari wa kifua akisema "kivuli pafuni" huonyesha weupe, wa meno akisema "kivuli mzizini" huonyesha weusi. Liache neno hilo. Andika "eneo jeusi" au "eneo jeupe". Radiolusenti (eneo jeusi) na radiopaki (eneo jeupe) wabaki nazo wataalamu wenyewe.

Kisha taja mahali, umbo, kipimo na ukingo: "Eneo jeusi la mviringo, milimita 8, kwenye ncha ya mzizi wa jino la 36, lenye ukingo mweupe dhahiri." Usiandike ukingo "ulio wazi", kwani wazi ni bayana na pia ni kisichofungwa. Nayo 36 husomwa tatu-sita: 3 ni upande wa kushoto wa mgonjwa, chini, 6 ni gego la kwanza la ukubwani.

Wala usiligeuze eneo jeusi kuwa "uvimbe wa maji". Picha peke yake haitoshi kuutenga na kinundu cha uambukizo. Hilo huamuliwa na maabara, na mfasiri hana haki ya kuitangulia.