Vuli, mvua na kunguru: jibu kwa aliyekata tamaa na ndege wa Salenda

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuendelea kwenda Daraja la Salenda, hapa Dar, kutazama ndege kwa darubini vuli hii, maana Jumamosi mbili mfululizo umenyeshewa na hukuambulia zaidi ya kunguru na yangeyange. Pole sana. Huu ni mwaka wangu wa sita pale, na Novemba iliyopita daftari langu la Jumapili moja, saa nne nzima chini ya mwavuli, linasomeka hivi: kunguru (sikuhesabu), yangeyange 11, sululu 1, buabua wachache kwa mbali. Na mlinzi mmoja aliyekuja kuniuliza napima nini.

Ila mvua usiisingizie yote. Unasema siku zote mbili ulifika saa nne asubuhi. Mwezi uliuangalia? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Dar maji hukupwa mida hiyohiyo ya saa nne, tope la mlango wa mto Msimbazi linabaki wazi na vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni, wanatapakaa kila mahali. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake: saa nne maji yamejaa, tope limefunikwa, ndege wameshahama. Jumamosi zako zimepishana siku saba, kwa hiyo mojawapo iliangukia upande wa maji mafu, na hiyo hata jua lingewaka usingeona kitu. Mvuvi yeyote pale Feri, soko la samaki, angekwambia bure.

Na bamvua lenyewe usiende maji yakiwa yamekauka kabisa, ndege wanakuwa mbali mno. Subiri kuanzia saa tano na nusu, maji yakipanda yanawasukuma kuelekea kwako.

Hapo ndipo mawingu yanapokera kweli. Vitwitwi wengi wanaotufikia kutoka Aktiki ya Siberia huwa wameshavua manyoya yao mekundu ya kiangazi, wamebaki kijivu. Tope kijivu, anga kijivu. Wazee wetu waliwaita karibu wote kitwitwi, yakaisha, na siku ya mvua mimi nakubaliana nao.

Kunguru ndio hawana siku mbaya. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na mvua ikinyesha Msimbazi unawashushia takataka za jiji zima mpaka mdomoni.

Jumapili ile niliondoka nimelowa, viatu mkononi. Nafika nyumbani Mwananyamala mvua imekatika, kumbikumbi wanatoka ardhini kama moshi, watoto wanawakimbiza na ndoo. Nikatupa jicho juu: mbayuwayu kwa makumi, na juu yao kozi watatu wembamba wakidaka kumbikumbi kwa makucha na kula hukohuko hewani. Kozi wa Amur hupita kwetu kuanzia mwishoni mwa Novemba, baada ya kuivuka Bahari ya Hindi, na hupenda kufuata mvua. Nikachomoa darubini mbiombio. Vioo vimejaa ukungu kwa ndani. Nikafuta kwa shati, wapi. Nilipoinua macho tena walishavuka upande wa Kinondoni.

Daftarini nimeandika: kozi 3, aina haijulikani.