Beseni, ngazi na mguu wa cherehani kwenye bustani ya maua: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza ufanye nini na vitu ulivyokusanya: beseni la enameli lililochubuka, ngazi ya mbao, mabirika mawili, mguu wa cherehani, viatu vya mpira na fremu ya dirisha. Unataka bustani yako ya maua ipendeze bila kufanana na banda la vyuma chakavu. Waliotangulia wamekwambia upake rangi za kung'aa kisha upange tu. Mimi nilipaka rangi za kung'aa, nikapanga tu. Ngoja nikusimulie.

Mwaka wa kwanza nilishikwa na homa ya mitumba. Nikiona kitu kikuukuu, nimebeba. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa na baiskeli, mabirika sita, chemli nne, matairi, sanduku la bati, kitanda cha chuma na kiti kisicho na kikalio, vyote vimepakwa nyekundu, njano na buluu kali. Dada yangu alikuja kunitembelea, akasimama mlangoni mwa bustani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akauliza, "Mnahama?"

Nilicheka, lakini iliniuma kwa sababu alikuwa sahihi. Maua yalikuwepo ila hakuna aliyeyaona. Jicho lilitoka kwenye birika jekundu likarukia tairi la njano, halikupata pa kutua.

Wiki ile nilitoa kila kitu, nikaanza kurudisha kimoja kimoja. Swali langu lilikuwa moja: hiki kinakuja kufanya kazi gani? Ngazi itabeba vyungu, ikaingia. Kichwa cha kitanda kitashikilia ua linalotambaa, kikaingia. Beseni ni chungu chenyewe. Kiti kisicho na kikalio kilipata kazi pia, chungu kinakaa pale pale kwenye tundu la makalio. Baiskeli ilikuwa haina kazi ila kusimama tu ipigwe picha, nikaigawa. Vikarudi vitano. Hapo ndipo watu wakaanza kuniuliza nimeotesha maua gani, swali ambalo mwanzoni hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako ni kupunguza. Mahali unapoketi au unapoingilia, jicho likutane na kitu kimoja kikubwa, basi. Vidogo kama mabirika yako mawili viweke pamoja, usitupe kimoja huku na kingine kule, kwa sababu vikitawanyika vinakuwa kama vimedondoshwa. Halafu zamisha kidogo. Kitu kikikaa juu ya udongo kikavu kavu kinaonekana kimewekwa jana. Fukia miguu ya kiti sentimita tatu nne hivi, panda kitu kifupi mbele yake, acha jani moja mawili yapite juu. Baada ya msimu mmoja utadhani kimekuwepo kabla ya wewe.

Kuhusu rangi, mimi siku hizi sipaki. Ile michubuko na mpauko ndiyo uliyoifuata kwenye mitumba, sasa unaifunika ya nini? Ukilazimika, chukua rangi moja iliyopoa, kijani cha vumbi au buluu iliyofifia, uitumie kwa vyote. Nyeupe inang'aa mno juani, inayapora maua macho ya watu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo vitu vya zamani huua mimea. Beseni, birika na ndoo vilitengenezwa ili visivuje. Wewe unataka vivuje. Beseni langu la kwanza nililipanda bila kulitoboa, nikijisemea nitamwagilia kwa kiasi. Mvua haikuwa na habari na kiasi changu. Mizizi ilioza ndani ya siku chache, nilipong'oa ilitoa harufu ya mtaro.

Enameli inataka adabu kuitoboa, kwa sababu ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Ukiipiga kwa pupa inamenyeka kipande kizima kuzunguka tundu. Mimi hugeuza beseni kifudifudi juu ya kipande cha gogo au ndoo ya mchanga, ili chuma kiwe na kitu cha kukiegemea kwa ndani. Nabandika utepe wa gundi mahali pa tundu, nagonga msumari taratibu, pigo moja au mawili, nipate kashimo kadogo ka kuanzia ncha ya drili isiteleze. Kisha natoboa kwa mwendo wa polepole na ncha nyembamba ya chuma, halafu naipanua kwa ncha nene. Usikandamize, acha ncha ijikatie yenyewe. Utasikia sauti ikibadilika: mwanzo inakwaruza kama mchanga kwenye sahani, hiyo ni enameli, kisha inalainika, umefika kwenye chuma. Vaa miwani, vipande vya enameli vinaruka na vinakata. Beseni la kawaida nalitoboa matundu matano ya upana wa kidole kidogo, kisha ukingo wa kila tundu naupaka rangi ya chuma, kwa sababu kutu huanzia hapo.

Vyombo vya udongo uliong'arishwa au kauri vinataka ncha ya almasi, maji ya kupoza muda wote, na drili isiwe kwenye ile hali ya kugonga. Nimevunja bakuli zuri sana kwa kusahau kitufe hicho kimoja.

Na tafadhali usijaze kokoto chini ya chombo eti maji yatoke vizuri. Niliamini hivyo kwa miaka. Chukua sifongo, uiloweshe chapa, uishike imelala hadi iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, kwa sababu sasa imekuwa ndefu, ila chini itabaki imelowa. Maji yaliyobaki kwenye udongo hujikusanya chini kwa kimo kilekile, chombo kiwe kirefu au kifupi. Ukiweka kokoto umeinua tu sakafu, tope likasogea karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu udongo usitoroke, kisha jaza udongo mwepesi moja kwa moja.

Mabirika yana tatizo la kinyume. Yanabeba udongo mchache, na chuma kikipigwa na jua kinachemsha mizizi. Yaweke penye kivuli cha mchana au uyapande mimea yenye majani manene inayojitunzia maji. Hiyo haina makuu, mizizi yake ni mifupi na inakusamehe ukisahau kumwagilia. Petunia kwenye birika mimi zilinishinda, asubuhi zimesimama, alasiri zimelala. Kama hutaki kabisa kulitoboa birika kwa sababu ni la ukumbusho, panda kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu kinachoingia ndani yake, na siku ya kumwagilia ukitoe, ukirudishe kikishachuruzika.

Kitu chochote ambacho hukukitoboa na kimeachwa wazi ni nyumba ya mbu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10 kukiwa na joto, kwa hiyo mwaga maji angalau mara moja kila wiki. Matairi ndiyo mabaya zaidi, hata ukiyageuza yanabaki na maji kwenye mikunjo. Yangu yalitoka yote.

Mguu wako wa cherehani ndio hazina katika orodha yako. Ile miguu ya zamani yenye kanyagio na mapambo ya kamba kamba ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Isaac Singer alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na miguu ya namna hiyo ikaja kutapakaa duniani, ndiyo maana bado inapatikana mitumbani. Chuma cha kusubu kinabeba uzito mkubwa lakini hakipindi, kinavunjika. Ukikiangusha kwenye saruji unaokota vipande viwili, na kukiunga si kazi ya kila fundi. Kibebeni watu wawili. Juu yake funga ubao mnene au kipande cha jiwe la sakafu, umepata meza ya vyungu. Ila kama kichwa cha cherehani kipo na bado kinazunguka, nakuomba usikitie nje. Watu wanakioteshea maua, wanakipiga picha, mwaka wa pili kimeganda. Kuna mtu bado angekishonea. Mpe huyo, wewe baki na mguu.

Kutu kwenye mguu hiyo isikutishe, kwa chuma kinene ni urembo wa miaka mingi. Sugua kwa brashi ya waya ile inayobanduka tu, futa vumbi, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kitani, tabaka jembamba sana, acha likauke. Hapa nisikilize vizuri: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kujiwasha chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kabisa au ukizamishe ndani ya maji.

Vyuma vidogo vyenye kutu, kama bawaba na koleo, loweka kwenye siki usiku kucha, visugue, visuuze kwa maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, kisha kausha siku hiyohiyo. Ukiviacha vibichi vinarudia kutu mbele ya macho yako.

Ngazi isikwewe na mtu tena, hata kama inaonekana imara. Kagua miguu kwanza kwa kuichoma na bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, kata sehemu hiyo. Ngazi yangu ilioza kuanzia chini kwa sababu niliisimamisha juu ya udongo. Siku hizi inakaa juu ya vipande vya tofali na imefungwa ukutani kwa waya. Ufunge kweli, kwa sababu udongo uliolowa ni mzito kuliko unavyodhani. Lita moja ya maji peke yake ni kilo moja, na chungu cha lita 10 chenye udongo uliolowa kinaweza kupita kilo 15. Weka vitatu kwenye vidato vya juu, halafu upepo uje. Vyungu vizito vikae vidato vya chini, juu weka vyepesi vinavyoning'iniza majani.

Fremu ya dirisha nimeichelewesha makusudi. Umesema ina rangi inayobanduka vigamba. Rangi za zamani za mbao na chuma mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na kwingine zimeendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo. Risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo usiipige msasa mkavu, vumbi lake ndilo baya, na usiichome kwa moto. Kama una watoto wanaocheza pale au unapanda mboga karibu, fremu hiyo mimi nisingeiingiza kabisa. Kama hakuna, ilowanishe, kwangua vigamba vilivyolegea vikiwa vibichi juu ya karatasi ya nailoni, kusanya vyote, kisha ifunike kwa tabaka mbili za vanishi ya nje. Toa vioo. Na usishawishike kuweka kioo cha kujitazamia mahali pake kama wengi wanavyofanya, ndege huona bustani nyingine ndani yake wakajigonga.

Kwa mbao nyingine za mitumba, zinuse kabla hujalipa. Zile nyeusi nzito zenye harufu ya lami, hasa mataruma ya reli, zimelowekwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao zisioze. Ziache hukohuko.

Viatu vya mpira sasa. Najua vinachekesha na watoto wanavipenda, ila ni vyembamba shingoni, maji yanasimama kwenye vidole, na jua linapasua mpira. Kama umevipenda kweli, toboa nyayo sehemu ya vidole na ya kisigino, panda kitu kimoja tu kinachomwagika, uvitundike ukutani nyuma ya ngazi ambapo mtu anavigundua baadaye. Visiwe kitu cha kwanza kuonekana.

Ningekuwa mimi na eneo lako la hatua nane kwa tano, ningeanza na mguu wa cherehani upande wa mwisho, beseni juu yake limejaa maua ya rangi moja, ngazi ukutani kushoto, mabirika mawili kwenye kidato cha chini. Mengine ningeyaweka stoo msimu mzima. Ukishatoboa beseni tuwekee picha ya upande wa chini, nione matundu kabla hujajaza udongo.