Roketi 9 za Ngomeni: barua kwa mwanangu

Mamangu,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili baada ya alasiri, nikaurudia usiku, na leo ndiyo nimepata utulivu wa kukujibu. Nakuandikia barua nzima kwa sababu uliyoniuliza hayajibiki kwa simu ya dakika tano. Umeuliza, lau ningekuwa na umri wako na akiba kidogo, ningeingia biashara gani katika hizi teknolojia zinazokuja. Tena umeuliza kama ile Nyumba ya Anga ya watalii unayotaka kuijenga kwetu Ngomeni, hapa pwani karibu na Malindi, kuelekea majukwaa ya baharini ambako Waitaliano walikuwa wakirushia roketi, italeta watu kweli, hata tukubali kuuza eka mbili za shamba la babu yako ili ianze.

Michoro uliyonitumia nimeitazama yote. Nimekiona kiti kinachotikisika, mgeni amevaa miwani ya uhalisia pepe, roketi ya mwaka 1970 inawaka chini ya miguu yake. Nimeziona droni mia mbili zikichora nyota juu ya bahari usiku, na roboti inayoleta madafu mezani. Na pale mlangoni nimemwona babu yako, ametengenezwa upya kwa akili unde ya kompyuta, anawakaribisha wageni kwa Kiswahili, Kiitaliano na Kiingereza. Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Nimefurahi zaidi kwamba uko Nairobi, kwenye kila kitu, na ulichokiwaza ni Ngomeni.

Roketi ya mwisho ilipopaa, Machi 1988, mimi nilikuwa na miaka 9. Nakumbuka mtikisiko kuliko mwanga. Mabati yalilia, kuku wakaingia uvunguni, na bibi yako akanishika mkono mpaka ukauma. Babu yako alikuwa nahodha wa mashua, akipeleka watu na vyakula kule jukwaani tangu ujana wake. Ya tarehe 12 Desemba 1970 aliishuhudia yeye, na ndiyo aliyoisimulia hadi anaingia kaburini. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Wamarekani wenye setilaiti wakaipa jina letu, wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka angani. Ilivumbua mamia ya vitu vitoavyo miale hiyo, na vipimo vyake ndivyo vilivyowasaidia wanasayansi kukishuku kitu kimoja cha mbali angani, Cygnus X-1, kuwa shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hauwezi kulitoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yote hayo yalianzia kwenye maji ambayo babu yako alikuwa akiyakata kwa mashua kila asubuhi.

Hakuna mahali popote utakapoweza kuinunua habari hiyo. Na wala haikuangukia Ngomeni kwa bahati. Ardhi huzunguka kwa kasi zaidi kwenye ikweta, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa kuelekea mashariki husukumwa na mzunguko huo bure. Sisi tuko digrii 3 tu kusini ya ikweta, na mashariki yetu ni bahari tupu. Vipande vikianguka havimwangukii mtu. Ndiyo maana yule Mwitaliano, Profesa Luigi Broglio, alileta majukwaa yake hapa. Mgeni akielezwa hivyo akiwa amesimama ufuoni, upepo unampiga usoni, ataelewa kwa mwili mzima.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Setilaiti ziliruka mbele ya mlango wetu kuanzia 1967 hadi 1988, na nyumbani kwetu hatukuuza hata kikombe kimoja cha chai kwa mtazamaji. Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu angefunga safari kuja kuangalia. Huko Florida watu wanakata tiketi, wanabeba viti na watoto wao, wanakaa kungoja roketi iondoke. Sisi tuliona ni kazi ya wenyewe. Kwa hivyo swali lako usilione dogo. Natamani mtu angeliuliza mwaka 1970.

Lakini hesabu nawe. Katika miaka hiyo 21 setilaiti zilizorushwa kutoka pale zilikuwa 9. Kati ya Mei 1975 na Machi 1988 haikwenda hata moja. Aliyefungua mkahawa wa watazamaji mwaka 1976 angengoja miaka 12. Tangu hapo maneno ya kurusha tena husikika, yakapoa, yakasikika tena. Setilaiti yetu wenyewe Wakenya, Taifa-1, ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Nilikuwa nikiitazama kwenye simu na macho yangu yakajaa machozi, kwa fahari na kwa uchungu pamoja. Naomba Mungu siku moja zirudi. Ila hesabu yako ipige kana kwamba hazitarudi maishani mwako, na kama bado inasimama, hapo tuna biashara.

Unaikumbuka saiba yetu? Wewe ulikuwa hujaanza shule. Mwaka 2006 mimi na baba yako tulikopa tukanunua kompyuta 6, tukakodi chumba karibu na soko la zamani hapa Malindi. Miaka mitatu watu walipanga foleni. Wasichana walikuja kuwaandikia wachumba wao wa Italia, na wanafunzi kutafuta vyuo. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, intaneti ikashuka bei, kisha simu zikaanza kufanya kila lililofanywa na kompyuta zetu, na mkopo bado haujaisha. Baba yako alihuzunika sana. Kilichotuokoa ni ile meza ya pembeni niliyokuwa nikikaa mimi, nikimwandikia mtu barua, nikimjazia fomu, nikimweleza mzee maana ya karatasi aliyoletewa na mahakama. Meza hiyo ndiyo iliyokusomesha. Kompyuta tuliziuza kwa bei ya chuma.

Ndiyo maana nikiona kwenye hesabu zako kwamba theluthi mbili za fedha za shamba zitanunua miwani, viti na droni, moyo unashtuka. Miwani hiyo baada ya miaka minne itakuwa kama zile kompyuta. Wenye kampuni kubwa watatoa nyepesi zaidi, na mgeni atakuja na yake mfukoni. Ikodi. Anza na tatu, ziwe chini ya turubai, uone kama mtu akishaivua anauliza swali au anauliza choo kiko wapi. Ukiulizwa swali, endelea.

Droni zisubiri. Zinataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, zinataka fundi wa kila usiku, na upepo wa kusi unavyovuma kuanzia Aprili unaujua. Tena kuna sababu nyingine ya kutozipenda, nitaifikia.

Roboti, mwanangu, iache kabisa. Kule Japani, mkoa wa Nagasaki, mwaka 2015 ilifunguliwa hoteli iitwayo Henn na Hotel, yenye roboti mapokezi, nyingine zenye umbo la dinosaria. Dunia nzima iliiandika. Kufikia 2019 walikuwa wameshaondoa zaidi ya nusu ya roboti zao 243, kwa sababu ziliwaongezea wafanyakazi kazi badala ya kuwapunguzia. Kulikuwa na kile kidude cha chumbani ambacho mgeni akikoroma kilidhani anasemeshwa, kikamwamsha kumuuliza anataka nini. Hapa kwetu vijana wamekaa bila kazi na dafu linaning'inia juu ya vichwa vyao. Mgeni akimfuata kwa macho kijana anayepanda mnazi kuliangua, hapo umempa cha kusimulia kwao.

Nimefika kwa babu yako.

Najua ulivyompenda. Najua sauti yake unaitafuta kama mimi ninavyoitafuta. Umesema una picha zake, na ukipata ile kaseti aliyorekodiwa na yule mwalimu wa shule, programu itajifunza sauti na kumfanya aseme chochote, hata kujibu maswali ya wageni. Nimelala na jambo hili siku tatu. Umenitajia London, lile jumba ambalo tangu Mei 2022 watu hujaa kuwatazama ABBA, wale waimbaji wa zamani wa Uswidi, wakiwa vijana tena kwa ustadi wa kompyuta. Nimesoma habari zake. Wale waimbaji walikuwa hai. Walivaa wenyewe mavazi ya vitambuzi, wakaimba mbele ya kamera wiki 5, wakaridhia kila kitu, na mbele ya picha zao kuna wapiga muziki wa kweli jukwaani kila usiku. Babu yako hakuulizwa. Hawezi kuulizwa.

Na alikuwa mtu wa kupima maneno. Akiulizwa jambo asilolijua alisema "hilo silijui" na kunyamaza. Mashine hiyo haitanyamaza. Mtoto wa Mzungu atamuuliza kama aliogopa, na itamjibu kwa sauti ya baba yangu jambo ambalo baba yangu hakulisema. Siwezi kulikubali, na nakuomba usinibembeleze. Kaseti yenyewe nakupa. Wageni waisikie kama ilivyo, pamoja na kikohozi chake, na jogoo aliyewika katikati, na pale alipositasita kutafuta neno. Hao akili unde wako wawaandikie tafsiri kwa Kiitaliano na Kijerumani chini ya sauti. Hiyo ni kazi njema na wataifanya vizuri. Kisha wako wazee Ngomeni waliofanya kazi jukwaani ambao bado wapo. Nenda ukawarekodi hao leo, wakiwa wanaweza kukuambia "hili liweke, hili usiliweke", na kila tiketi iwe na fungu lao. Hilo ni la haraka kuliko miwani, maana sasa tunazika karibu kila mwaka.

Sasa swali lako la kwanza, ningeingia biashara gani. Ningeuza giza.

Usishangae. Nairobi hakuna nyota, taa zimezimeza. Ulaya wengi wao wanazeeka bila kuiona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota. Ngomeni, usiku wa Januari, kaskazi inavuma, hakuna wingu, huhitaji umeme hata kidogo. Tena kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kuna misimu unapata Msalaba wa Kusini upande huu na nyota za kaskazini upande ule, usiku mmoja. Susan Murabana amezunguka nchi hii miaka mingi na darubini yake akiwaonyesha watoto wa shule sayari, na Nairobi akajenga jumba la mianzi la kuonyeshea nyota. Wazia darubini kama hiyo ufuoni kwetu. Teknolojia mpya iwekwe hapo: kamera inayokusanya mwanga hafifu na kuutuma kwenye simu ya mgeni, ili aondoke na picha aliyoipiga mwenyewe kutoka Ngomeni. Na pembeni akae mjomba wako, amwambie kwamba kile kishada kidogo ni Kilimia, na kwamba wakulima wetu husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapo atajua kwamba Uhuru ilipokwenda kutazama anga, watu wa pwani hii walikuwa wameshaitazama karne nyingi wakipandia na kusafiria. Ndiyo sababu sitaki droni mia mbili. Zitaniharibia giza langu.

La pili ningetazama mikoko. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa ile hewa ambayo mikoko yao inaifyonza na kuihifadhi. Hawaikati miti, wanaipanda na kuilinda, inapimwa, na fedha zimewaletea maji na vitabu vya shule. Mikoko ya Ngomeni ni mingi na iliyoharibiwa nayo ni mingi. Sijui hesabu zake kwa undani, wewe na wenzako mtazifahamu upesi. Lakini napenda biashara ambayo setilaiti, kwa kuitazama kutoka juu, inaitumikia miti yetu.

Kuhusu shamba: hapana, hatuuzi. Nimezungumza na mjomba wako na tumeafikiana. Uliza Malindi hii ni wangapi waliouza ufuo kwa bei iliyoonekana kubwa, na leo watoto wao wanafungua lango la uwanja huohuo kwa mshahara. Tutakupa eka moja uitumie miaka 5 bila kodi, kwa maandishi, mashahidi wakiwepo. Hema, choo kizuri (choo kizuri kwanza kabla ya chochote), darubini moja, mashua ya mjomba ya kuwapeleka watu wakayaone majukwaa kwa karibu bahari ikitulia. Mimi nitatoa fungu langu la chama mwezi wa Novemba. Weka daftari, kila shilingi iandikwe, na kila mwezi unitumie nilione.

Alhamisi naenda Ngomeni kutazama mipaka, maana jirani upande wa mashamba ya chumvi amesogeza ua. Wewe ukija Desemba, pitia pale Nairobi wanapouza vitu vya zamani unitafutie kifaa cha kuchezea kaseti. Cha hapa nyumbani kilikufa, na kaseti ya babu yako iko ndani ya kopo la chai kabatini, nimeifunga kwa nailoni mbili. Sijaisikia tangu tulipomaliza arobaini yake. Nataka tuisikilize sote kwanza, kabla haijasikilizwa na mgeni yeyote.

Mamako